Tulimtafuta "Bwana Kamba" wa Mombo miaka minne, tukamkuta makaburini Ujerumani

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwanza, atarudi usiku akiwa na chai yake.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Mombo mwaka 1911. Mama yake Msambaa wa Vuga, baba yake Mdachi. Nyumbani halikuwa jambo la kunong'onezana. Watoto wa mtaani walimwita Mzungu, na nywele zake zilikuwa na ule wekundu wa ndevu za mahindi, kwa hiyo alizifunga kitambaa mwaka mzima, mvua na jua. Ukimuuliza jina la baba yake alikuwa na jibu moja: "Bwana Kamba." Ukiuliza zaidi anakutuma maji. Alifariki 1989 na jibu lake lile lile.

Mwaka 2020 mama alikuwa anaumwa, nikawa nashinda naye. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mimi nimezeeka sijui sura ya babu yangu. Wewe mwalimu, unashindwaje kutafuta?" Nikaona aibu. Nikaanza.

Sasa Bwana Kamba ni nani? Wajomba wote walikuwa na jibu tayari: Tanga, kamba, katani. Na kweli katani na Mdachi huku kwetu ni pete na kidole. Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na hayo mashamba yote ya Tanga yakaanzia hapo. Kwa hiyo tukamtafuta mwenye shamba. Mwaka mzima nimezunguka Korogwe, Ngombezi, Magunga, naulizia Mdachi aliyeondoka na kuacha mtoto. Wakuu, Wadachi wa namna hiyo wako wengi, na kila kijiji kinaye wa kwake.

Aliyenirudisha njiani ni mzee mmoja wa Vuga aliyekuwa amevuka tisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akakohoa. "Katani gani? Yule alikuwa akiburuta kamba porini. Anapita yeye kwanza na kamba, nyuma yake inakuja reli."

Mpima ardhi! Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, halafu ikalala pale miaka kadhaa kabla ya kuendelea Buiko na kufika Moshi 1911. Mtu wa kamba alikuwa Mombo wakati huo huo bibi anatungwa mimba. Na mimi nimepoteza mwaka kwenye katani kwa sababu sikuanza na wazee.

Naendelea baadaye, kuna mitihani ya kusahihisha.

#2 Mchangiaji wa Muheza

Naweka kambi hapa. Mleta uzi, ukituacha njiani nakufuata Korogwe.

#3 Mchangiaji wa Dar

Kwa hiyo pasi ya Ujerumani unayo? Sema ukweli wako.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Dar, nilijua utakuja. Pasi hakuna, nitaeleza.

Tuendelee. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walikuwa na kituo Vuga tangu 1895, na bibi alibatizwa huko. Kitabu cha ubatizo kipo. Nilikaa nacho kwenye meza ya ofisi ya usharika nikakuta mstari wa bibi: jina, tarehe, jina la mama. Penye baba wameandika kwamba ni Mzungu, basi, halafu pembeni kwa penseli kuna herufi moja yenye nukta na neno moja lililokatwa.

Hapa msikilize kwa makini, maana ndipo wengi watakapokwama. Wajerumani wa zamani hawakuandika mwandiko tunaoujua. Walikuwa na mwandiko wao, unaitwa Kurrent, ambao Mjerumani wa leo mwenyewe hausomi. Herufi e inafanana na n, h inaning'inia kama s iliyolewa, na herufi kubwa ndizo balaa. Mimi na binamu yangu tulilitazama lile neno la penseli kwa kioo cha kukuzia, tukakubaliana: "Sandm." Tukasema bila shaka ni Sandmann, ukoo wa Sandmann.

Miaka miwili tumemtafuta Sandmann. Nimewaandikia watu wa Sandmann kule wakanijibu kwa adabu kwamba hawana babu aliyekanyaga Afrika. Mmoja akanitumia kalenda.

Mwishowe nikaiweka ile picha kwenye jukwaa la Wajerumani wanaosaidiana kusoma miandiko ya kale. Wengi ni wastaafu, hawataki hata senti. Nililala, nikaamka nikakuta jibu la mstari mmoja: hiyo siyo S, ni L. Neno ni "Landm.", kifupi cha Landmesser. Mpima ardhi.

Yaani lilikuwa kazi yake, siyo jina. Mzee wa Vuga alikwisha niambia bure, tena akicheka.

#5 Mchangiaji wa Iringa

Duh. Sandmann wa watu amesumbuliwa miaka miwili 😂

#6 Mchangiaji wa Tukuyu

Mkuu, na sisi tuna habari kama hiyo kwa Wamoraviani wa Rungwe. Tukitafuta mtandaoni Tukuyu haitokei kabisa kwenye karatasi za wakati ule. Tunakosea wapi?

#7 Mleta uzi

Wa Tukuyu, andika Neu-Langenburg. Mdachi hakuijua Tukuyu. Lushoto tafuta Wilhelmstal, wakati mwingine wameongeza h, Wilhelmsthal. Kasanga kule Ziwa Tanganyika ni Bismarckburg. Hata majina waliyoyaacha waliyaandika kwa masikio yao: Muhesa, Daressalam, Kilimandscharo. Penye j yetu wao wanaweka dsch. Ukishalijua hilo milango inafunguka.

Na kwa kuwa kwenu ni Wamoraviani, hifadhi yao kuu iko Herrnhut, Saxony. Walutheri wa Kilimanjaro walikuja na misheni ya Leipzig, karatasi zake ziko Halle. Wa Bethel, yaani wetu wa Usambara, ziko Wuppertal. Wakatoliki wa Peramiho na Ndanda waulize watawa wa St. Ottilien, Bavaria. Wamisionari waliandika sana, wakuu. Walikuwa wakituma taarifa nyumbani kila mara, nani kabatizwa, nani kafukuzwa, nani kalewa. Serikali ya mkoloni ilihesabu kodi, misheni ilihesabu watu.

Za serikali zipo pia. Sehemu ya majalada ya Mdachi yamebaki Nyaraka za Taifa, Dar. Yale ya wizara yao ya makoloni yako Berlin, Bundesarchiv, yaani hifadhi ya taifa lao, fungu linaitwa R 1001, na mengi yamekwisha pigwa picha, unayasoma ukiwa kitandani kwako. Ila usitegemee kumkuta bibi yako humo. Utakuta bei ya mpira na barua za kulalamikiana.

Kilichonisaidia mimi ni gazeti. Wadachi walikuwa na gazeti Dar, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilitoka 1899 hadi 1916, na lilichapisha majina ya abiria wa meli zinazoingia na kutoka. Walikuwa Wazungu wachache, kila mmoja anataka kujua nani kaja. Nyumbani kulikuwa na kauli kwamba Bwana Kamba aliondoka bibi akiwa anatambaa. Kwa hiyo nikaanza mwishoni mwa 1911, toleo baada ya toleo, natafuta neno Landmesser na ile herufi ya penseli.

Usiku wa siku ya kumi na moja nikamkuta. Kapanda meli Tanga. Sikupiga kelele kwa kuwa watoto walikuwa wamelala, nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo.

Jina sitalitaja humu, lina wenyewe walio hai.

#8 Mchangiaji wa Muheza

Kwenye ndoo 😂😂 Endelea mkuu, tuna arosto.

#9 Mchangiaji wa Old Moshi

Samahani nitaharibu sherehe. Mleta uzi, nakusoma kwa heshima, lakini najiuliza. Wewe unamtafuta Mdachi, sisi kule kwetu tunatafuta vichwa vya babu zetu ambavyo Mdachi alivibeba. Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, alinyongwa Machi 1900, kichwa chake hadi leo hatujakiona. Septemba 2023 Berlin walitangaza kwamba DNA ya mafuvu waliyonayo imeoana na familia za huku Kilimanjaro, mojawapo ukoo wa Akida, mshauri wake Mangi Meli. Rais wao alikuja Songea Novemba mwaka ule akaomba radhi. Sawa. Lakini huyo bwana wako wa kamba, ulijiuliza alimpataje mama mkuu wako, yule mama wa bibi yako? Alipeleka posa?

#10 Mleta uzi

Mkuu, hujaharibu chochote. Hilo swali nililibeba miaka yote minne, na nililibeba hadi sebuleni kwao.

Posa haikuwapo, na hata angetaka ndoa asingeipata. Tangu 1906 serikali yao ilipiga marufuku ndoa za Mzungu na Mwafrika katika koloni hili. Kabla ya hapo kuna kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa kwetu aliyefundisha Kiswahili Berlin. Alioa Mjerumani huko huko, 1905 akarudi na mke wake Dar, mke akakatazwa kushuka melini. Ikabidi wageuze. Kwa hiyo wanaume wa Kizungu waliweka wanawake bila ndoa, na walikuwa na neno la kuwaita, neno letu wenyewe: Bibi. Kwenye barua zao za Kijerumani utakuta wameandika hivyo hivyo, "Bibi", kwa maana ya mwanamke wa nyumbani asiye mke.

Mama mkuu alitaka? Alilazimishwa? Alipelekwa na kaka zake kwa ajili ya rupia? Aliyeweza kujibu alizikwa zamani, na bibi alikuwa akinituma maji. Simtafuti ili nimtukuze. Mama aliuliza sura ya babu yake, nikaona ana haki ya kuiona, iwe nzuri iwe mbaya.

#11 Mchangiaji wa Old Moshi

Hapo nimekuelewa. Endelea.

#12 Mleta uzi

Nikiwa na jina, sikuwa na kijiji. Ujerumani bila kijiji hujui lolote, maana hawana ofisi moja ya vizazi ya nchi nzima. Kila mji na daftari lake. Uandikishaji wa serikali ulianza nchi nzima Januari 1876, kabla ya hapo ni vitabu vya makanisa. Bahati yangu ni kwamba jeshi lao liliandika kila kitu. Vita ya kwanza walichapisha orodha za waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na chama chao cha watafiti wa koo kimeziingiza zote kwenye kompyuta, bure. Wetu yumo, 1916, majeraha madogo, na pembeni ya jina kijiji alichozaliwa, wilaya ya Celle, kaskazini mwa Hannover.

Nikaandika kwa hifadhi ya kule, nikaambatanisha maelezo ya Kijerumani cha kuungaunga. Cheti cha kuzaliwa kikishavuka miaka 110 kinatoka ofisi ya msajili kinakwenda hifadhi, na yeyote anaweza kuomba nakala. Ilikuja na bili ya euro kadhaa. Amezaliwa 1882, mtoto wa seremala.

Walio hai ndio wagumu, maana Ujerumani hawakupi habari za mtu aliye hai hovyo hovyo. Nilipita mlango wa msiba. Magazeti yao ya mikoani huweka matangazo ya vifo mtandaoni, na chini ya tangazo wanaorodhesha wafiwa. Nikakuta tangazo la 2011: mzee wa miaka 97, jina la ukoo lile lile, kijiji kile kile, na kati ya wafiwa binti. Kitabu cha simu kikanipa anwani.

Sikupiga simu wala sikumtafuta Facebook. Niliandika barua ya karatasi, ukurasa mmoja, nikaitia picha ya bibi ya 1962 akiwa amesimama mlangoni. Nikasema mimi nani, nimemjuaje, halafu nikaweka sentensi ambayo nawashauri wote muiweke: siombi pesa, siombi mwaliko, siombi urithi, naomba kuona picha ya babu kama ipo.

Wiki saba kimya. Ya nane ikaja bahasha nene. Ndani picha tatu na barua iliyoanza hivi: "Nimeiweka picha ya bibi yako mezani kando ya picha ya baba yangu. Mdomo ni mmoja."

#13 Mchangiaji wa Mwanza

Vinyweleo vimenisimama.

#14 Mchangiaji wa Dar

Sasa ya pasi.

#15 Mleta uzi

Haya mkuu, ya pasi tuyamalize. Sheria yao ya uraia ya 1913, na hata iliyotangulia, ilikuwa hivi: mtoto wa ndoa anafuata baba, wa nje ya ndoa anafuata mama. Bibi alizaliwa nje ya ndoa, na ndoa ilikuwa marufuku. Umeona walivyofunga mlango kwa pande zote mbili? Mwaka 2021 walirekebisha sheria, wakatoa miaka kumi kwa waliokoseshwa uraia kwa sababu kama hizo wajitangaze, lakini ni kwa waliozaliwa baada ya 23 Mei 1949 na vizazi vyao. Bibi ni wa 1911. Mnyororo umekatikia hapo. Kuna dalali alinitaka milioni tatu aniunganishie, nikamwomba anitajie hicho kifungu, akakata simu. Wakuu, kila anayekuuzia uraia wa babu muulize kwanza babu alizaliwa lini na alioa wapi.

DNA nayo mtauliza. Kipimo kinakulinganisha na waliokwisha kupima tu. Kama kule hakuna aliyetema mate kwenye kichupa, utarudishiwa asilimia za bara na ramani ya rangi rangi. Karatasi kwanza. Sisi tulipima mwishoni, tukiwa sebuleni, kama mchezo. Ikaja asilimia 3 na ushei, ndivyo inavyopaswa kwa undugu wetu.

#16 Mleta uzi

Safari. Mwaliko ulikuja bila kuuomba. Yule mama, wakati huo miaka 81, alikwenda ofisi ya wageni ya kwao na karatasi za pensheni yake akatia saini kwamba nikiugua au nikikwama gharama ni juu yake. Wanaiita Verpflichtungserklärung, na ukiweza kuitamka mbele ya dirisha la viza umeshafaulu nusu. Ongeza bima ya afya isiyopungua euro 30,000, barua ya mwajiri, taarifa ya benki. Viza nililipia euro 80, tangu Juni 2024 imekuwa 90. Nilikwenda Mei.

Treni kutoka Frankfurt ilichelewa saa nzima na nusu. Mimi niliyelelewa kuambiwa Mjerumani hachelewi nilijisikia nyumbani kabisa. Hannover nikabadili ya kwenda Celle. Mji una nyumba za zamani za mbao na udongo, mamia, boriti zimeachwa nje zikapakwa rangi. Ukiniuliza mimi ni nyumba za fito tu, ila zao zina miaka mia nne.

Yule mama alikuwa amesimama kwenye jukwaa la stesheni ameshika ile picha ya bibi ya 1962, ameinyanyua kama wale madereva wa watalii wanaoshika mabango. Nikashindwa kutembea vizuri.

Shida ya kwanza ikawa tuitaneje. Yeye alikuwa amechora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, na neno la Kijerumani lililotoka lilikuwa refu kuliko ile treni. Nikamwambia, "Mama, kwetu jambo hili ni dogo." Baba yako na bibi yangu ni watoto wa baba mmoja. Wewe na mama yangu ni binamu, wewe ndiye mkubwa, kwangu mimi basi ni mama mkubwa. Akauliza, "Na bibi yako kwangu ni nani?" Nikamwambia, dada wa baba yako. Shangazi.

Akakaa chini. Alikuwa na shangazi Usambara, shangazi wa damu, hadi akiwa na miaka 46, na hakuna aliyempa salamu zake. Baba yake alikuwa mtoto wa pekee, na yeye wa pekee. Alikua akijua hana shangazi.

Ya chakula nitapita haraka. Ulikuwa msimu wa asparaga nyeupe, na watu wa kule wanazilia kama sisi na maembe ya Desemba. Kwa macho ni vijiti vya muhogo uliomenywa, kwa ladha ni maji yaliyosoma. Nilikula siku sita mfululizo, nikasifu siku zote sita.

#17 Mchangiaji wa Iringa

"Maji yaliyosoma" 😂 Ila mkuu, wazee wao wa enzi za Hitler je? Hukuuliza?

#18 Mleta uzi

Sikuuliza. Alileta mwenyewe, siku ya tatu.

Kwanza alileta kopo la biskuti. Ndani barua za babu kutoka Mombo na vijisarafu. Sarafu moja ina tundu katikati na taji juu yake, imeandikwa 10 Heller, 1911. Nikamwambia sisi hadi leo pesa tunaita hela, akadhani namtania. Tukasoma barua. Katika mbili babu anamtajia mama yake "Bibi": Bibi anaumwa homa, Bibi amepanda maharage nyuma ya nyumba. Mama mkubwa akasema, "Huyu sisi siku zote tulijua ni paka."

Nilimweleza maana ya neno. Alinyamaza muda mrefu, akarudia kusoma ile ya maharage.

Halafu akaenda chumbani akarudi na kijitabu cha kijivu. Ahnenpass, pasi ya mababu, ya baba yake, 1937. Utawala wa Hitler ulitaka mtu athibitishe ukoo wake hauna damu nyingine, hasa ya Kiyahudi, ndipo apate kazi au aoe. Watu wakakimbilia makanisani, wachungaji wakagonga mihuri ukurasa kwa ukurasa. Ndiyo maana familia nyingi za kule zina mti wa ukoo uliokamilika hadi miaka ya 1700 na hazikuwahi kuutafuta kwa mapenzi. Kambi ya Bergen-Belsen iko mwendo mfupi kwa gari kutoka pale tulipokaa. Tulikwenda kesho yake, hatukuongea njia nzima.

Nilikigeuza kile kijitabu. Seremala yumo, baba wa seremala yumo, mkulima wa 1740 yumo. Babu mwenyewe yumo kwa mwandiko safi, muhuri wa kanisa, mke mmoja, mtoto mmoja. Mwaka ule kinagongwa muhuri, bibi alikuwa na miaka 26, yuko hai Vuga, anauza vitunguu.

Mama mkubwa akanipa kalamu. Akaniambia, "Mwandike."

Nilikataa, wakuu. Nilimwambia kwa upole, nashukuru, lakini siwezi kumwandika bibi yangu kwenye kitabu kile. Tukachukua karatasi yake kubwa ya mti wa ukoo, tukaenda nyuma upande mweupe tukaanza upya, tukianza na mama mkuu wa Vuga, kwa kuwa ndiye aliyepanda yale maharage.

#19 Mchangiaji wa Old Moshi

Nasoma nikiwa kwenye daladala, abiria mwenzangu ananiuliza nina msiba. Umefanya vizuri.

#20 Mchangiaji wa Mwanza

Na picha? Mama aliiona sura ya babu yake?

#21 Mleta uzi

Aliiona. Ipo moja nzuri, nyuma imeandikwa Mombo 1910. Kijana mwembamba, kofia mkononi, kando yake ile mashine ya kupimia ya miguu mitatu. Nyuma kabisa, ukingoni mwa baraza, kuna mwanamke amejifunga kaniki. Alijongea wakati kamera inapiga, uso umeyeyuka, yamebaki mabega na mkono mmoja.

Nilimtumia mama kwa simu usiku ule ule. Babu wala hakumjali. Akaikuza kwa vidole akaenda moja kwa moja kwenye baraza, akakaa kimya, nasikia pumzi yake tu. Kisha: "Mabega hayo ni ya mama."

Kaburi la babu sikuliona. Kule kaburi linakodiwa, miaka ishirini na ushei, thelathini, ikiisha bila mtu kulipia wanamlaza mwingine. Alikufa 1946, mahali pake leo amelala mtu mwingine kabisa. Nilisimama hapo hapo kidogo. Kichwa cha uzi nimeandika "tukamkuta makaburini", mnisamehe, ni daftari la makaburi ndilo tulilolikuta. La bibi yangu lipo Vuga, chini ya mparachichi, tunalipalilia kila Pasaka.

Sasa nina jambo la kuwauliza nyinyi, ndiyo hasa sababu ya kufungua uzi. Mama mkubwa anakuja Februari. Ana miaka 82 na goti bovu, na amesema hataki hoteli, anataka kulala kwa mama. Nahitaji gari linalotulia la kumtoa Tanga hadi Vuga, lisilo la kupakia kuku, na dereva asiyekimbia. Nani ana mtu?

#22 Mchangiaji wa Muheza

Noah ya binamu yangu, viti vipya, yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa, hapigi hata honi. Nitakutumia namba pembeni. Ila mkianza kupanda kutoka Mombo, mama mkubwa asikae upande wa korongo.